Diski au Kupakua? Historia ya Gemu Ulilolipia Ambalo Siyo Lako

Ubishi huu mtaani hauishi. Kuna timu diski, wale wanaotaka kitu cha kushika mkononi na kupanga kwenye kabati. Kuna timu kupakua, wanaosema diski ni za kizamani, zinachubuka, zinapotea, na kila mara lazima unyanyuke kuibadilisha. Wote wana hoja. Lakini ukifuatilia miaka 30 ya biashara hii, unagundua kuna swali kubwa zaidi limejificha nyuma ya huo ubishi: ukishalipa hela yako, ufunguo wa gemu anabaki nao nani?

Enzi ya CD

Kabla ya CD, magemu ya kwenye TV yalikuja kwenye kaseti za plastiki, zile ambazo zikigoma unazipuliza kwanza. Desemba 1994 Sony wakaleta PlayStation sokoni Japani, nayo ilitumia CD. CD moja ilibeba takriban MB 650 na kuitengeneza kiwandani ilikuwa nafuu sana kuliko kaseti. Nintendo wakakomaa na kaseti kwenye Nintendo 64 ya mwaka 1996, ambapo kaseti kubwa kabisa iliishia MB 64. Kilichofuata kiliwauma. Final Fantasy, ambayo tangu 1987 ilikuwa ikitoka kwenye mashine za Nintendo, ikahamia kwa Sony. Toleo la saba lilitoka 1997 likiwa na CD 3.

Mwaka 2000 ikaja PS2 na DVD zake, mashine iliyouzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Kwa Afrika Mashariki hii ndiyo mashine ya vibanda vya gemu: TV, padi mbili, benchi, na foleni ya watoto wanaosubiri aliyefungwa aachie padi. Tusemezane ukweli, diski nyingi zilikuwa za kuchoma na mashine zilikuwa zimewekwa chipu ili zizikubali. Ila hata diski halali ilikuwa na raha yake. Unamwazima mshikaji, mnabadilishana, ikikuchosha unaiuza. Kampuni iliyotengeneza gemu haikujua na wala hakuna aliyeiomba ruhusa.

Diski inayoomba ruhusa

Huo uhuru ulianza kuguswa mapema kuliko wengi wanavyodhani, na ulianzia kwenye kompyuta. Septemba 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilizindua Steam. Mwaka uliofuata, Novemba 2004, wakatoa Half-Life 2. Watu walienda dukani, wakanunua boksi lenye diski, wakarudi nyumbani, halafu gemu likakataa kufunguka mpaka waunganishe intaneti na kulisajili kwenye akaunti ya Steam. Siku ya kwanza seva zilizidiwa, na wengi wakabaki wanaliangalia boksi tu.

Hapo ndipo kila kitu kilipogeuka. Diski ilikuwepo, lakini ufunguo ulikuwa kwenye seva ya mtu mwingine. Na ukishalisajili gemu kwenye akaunti yako, kumuuzia mwenzako haiwezekani tena.

Hata hivyo, kupakua nako kulifungua milango. Mwaka 2009 kijana mmoja wa Sweden alianza kuuza Minecraft mtandaoni, gemu lenyewe likiwa bado halijakamilika. Hakuwa na kiwanda, hakuwa na boksi wala msambazaji. Miaka mitano baadaye Microsoft wakainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Kwa mfumo wa diski peke yake, mtu kama huyo angepigwa chenga na wenye maduka kabla hajafika popote.

Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa SEACOM ulianza kazi pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya hapo eneo hili lilitegemea setilaiti, na kushusha gemu zima ilikuwa ni ndoto. Baada ya hapo ikawezekana, ingawa bando lilikuwa na maumivu yake. Magemu nayo yakawa yananenepa: GTA V ya kompyuta, iliyotoka Aprili 2015, ilihitaji DVD 7. Kwa mtu wa bando la wiki, zile DVD 7 bado zilikuwa afadhali kuliko kushusha GB 60.

Wiki mbili za Juni 2013

Juni 2013 Microsoft walitangaza masharti ya Xbox One. Mashine ingetakiwa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo hata gemu la diski haliendi. Kumpa rafiki diski au kuiuza kungekuwa na masharti pia. Fikiria mtu aliyekatikiwa umeme siku mbili, au ambaye bando limeisha na mshahara bado.

Siku chache baadaye, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, bosi mmoja wa Sony alipanda jukwaani na kusema diski ya PS4 utaiuza, utaiazima, au utakaa nayo milele. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Sony wakaongezea kivideo cha sekunde 20 hivi cha "jinsi ya kuazima gemu": jamaa mmoja anampa mwenzake boksi, mwenzake anapokea na kushukuru. Basi, video imeisha.

Tarehe 19 Juni Microsoft wakarudi nyuma na kufuta masharti yote. Wachezaji walishinda kwa kelele tu. Ila kuna kitu kizuri kilizama na masharti hayo: mpango wa kuruhusu hadi watu 10 wa familia kutumia magemu ya akaunti moja. Kupakua kungeweza kuja na kuazimana ndani yake. Haukutekelezwa.

Hata diski inaweza kufa

Timu diski walijiona salama mpaka ilipofika The Crew, gemu la Ubisoft la mbio za magari lililotoka Desemba 2014. Lilihitaji seva hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Aliyelipakua alikosa, na aliyekuwa na diski alikosa vilevile. Diski ipo, inang'aa, haina hata mchubuko, na haina kazi.

Wachezaji wawili wa California walienda mahakamani mwaka huohuo. Utetezi wa kampuni ulikuwa kwamba walichonunua ni leseni ya kutumia gemu, siyo gemu lenyewe. Jamaa mmoja wa YouTube naye akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni 1 Julai 2025. Madai yao ni ya kawaida tu: ukizima seva, acha gemu katika hali ya kuchezeka.

California yenyewe ilipitisha sheria iliyoanza Januari 2025. Duka la mtandaoni haliruhusiwi kuandika "nunua" bila kumwambia mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Lakini sheria hiyo inasamehe kitu ambacho mteja anaweza kukipakua na kukihifadhi moja kwa moja bila kutegemea intaneti.

Vijana wa Warsaw

Na kitu hicho kipo. Mwaka 1994 vijana wawili wa Warsaw, Poland, walifungua kampuni ya kuuza magemu ya CD. Soko lao lilifanana na Kariakoo ya enzi za PS2: diski za kuchoma kila kona. Mwaka 1999 walitoa Baldur's Gate kwa Kipolandi, sauti za waigizaji wa kwao, CD 5, ramani na kitabu ndani ya boksi. Hawakumfukuza mchoma CD kwa kufuli. Walimshinda kwa kumpa mteja kitu kizuri zaidi.

Mwaka 2008 kampuni hiyohiyo, CD Projekt, ikafungua duka la mtandaoni la GOG. Unalipia, unapakua faili la kusakinisha, unalihifadhi kwenye diski yako ya nje. Halina kufuli. Seva zikizimwa kesho, gemu lako linafunguka kama kawaida.

Kwa hiyo kuna diski iliyokufa kwa sababu ufunguo wake ulikuwa mbali, na kuna faili la kupakua litakaloishi kwa sababu ufunguo uko kwako. Kabla ya kutoa hela, uliza mambo matatu. Linachezeka bila intaneti? Gemu lote limo ndani ya diski au bado kuna GB za kushusha? Ukilichoka, unaweza kumpa mtu? Jibu likiwa hapana kwa yote matatu, umekodi. Kukodi siyo dhambi, maana kwenye punguzo la bei za mtandaoni unaweza kupata gemu la maana kwa hela ya chipsi kuku. Ila lipa bei ya kukodi, usilipe bei ya kununua.

Haya wadau, uko timu gani? Na kama una diski ya PS2 ambayo mpaka leo inapiga kazi, itaje jina hapo chini.