KUPWELEA KWA MERIKEBU NA KUHESABIWA KWA WATU
Matendo 27 na Msiba wa MV Bukoba

Utangulizi

Karagwe haina pwani ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, kwa miaka mingi wenyeji wake waliokwenda Mwanza kwa biashara, masomo au matibabu walishuka kwa njia ya Kyaka hadi Bukoba, kisha wakapanda meli. Kwa hiyo msiba wa tarehe 21 Mei 1996 ulikuwa wetu pia, pamoja na ndugu zetu wa sehemu ambayo tangu 2012 ni Wilaya ya Kyerwa. Katika makala hii twakusudia kuutazama msiba huo kwa nuru ya Matendo 27, ili tujue mchungaji aseme nini penye kaburi la aliyezama.

Yaliyotukia

MV Bukoba ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Iliondoka Bukoba tarehe 20 Mei, ikapitia Kemondo, na asubuhi iliyofuata ikapinduka karibu na Mwanza. Kwa muda ilielea kifudifudi, na ndani walikuwamo watu waliokuwa hai bado. Waokoaji walipotoboa tumbo la meli, hewa iliyokuwa ikiielesha ilitoka, nayo ikazama. Rais Benjamin Mkapa alitangaza maombolezo ya siku 3.

Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, ambamo maskini husafiri, halikuwa na orodha. Ndiyo maana idadi ya waliokufa haipatani: hutajwa 894, na wengine hutaja karibu 1,000.

Mafunzo ya Matendo 27

Merikebu ya Paulo nayo iliangamia. Ilipwelea mahali palipokutana bahari mbili, tezi yake ikavunjwa na mawimbi (27:41). Lakini watu wote walifika pwani salama. Twaona mambo matatu.

Kwanza, onyo lilitolewa mapema. Akida aliwasadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo (27:10-11). Hatari ilianzia bandarini, kabla ya tufani.

Pili, shehena ilitupwa ili watu wapone. Mwishowe hata ngano (27:18, 38). Mzigo ulihesabiwa kuwa duni kuliko nafsi.

Tatu, Luka aliandika hesabu: watu 276 (27:37). Humo walikuwamo wafungwa na askari, na wote wameingia katika hesabu moja. Hakuna daraja la tatu lisilo na orodha.

Je, ni mapenzi ya Mungu?

Katika mazishi husemwa upesi kwamba Mungu amependa iwe hivyo. Neno hilo lina faraja, nasi hatuwakemei waliofiwa wanaolishika. Lakini mchungaji na aliseme kwa uangalifu, lisije likawafunika wenye kuwajibika. Paulo alikuwa amekwisha kupokea ahadi kwamba hakuna atakayepotea (27:22-24); hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, alisema kwamba bila wao wengine hawataweza kuokoka (27:31). Ahadi ya Mungu haikuondoa kazi ya baharia, bali iliitumia.

Ndivyo alivyofundisha Martin Luther mwaka 1527, alipoandika juu ya kuikimbia tauni: anayedharau dawa na tahadhari humjaribu Mungu, wala hamtegemei. Tena, katika Katekisimo Ndogo, Amri ya Tano haikatazi kuua tu. Yatuagiza kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Kumpakia mtu katika chombo kilichojaa ni jambo la Amri ya Tano.

Hitimisho

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa cha abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Basi somo la 1996 lilikuwa halijashikwa.

Usharika wa Karagwe au Kyerwa wajua kuhesabu watu: una kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha mazishi, na kila jina lina mstari wake. Yafaa tuwafundishe Wakristo wetu kudai hesabu hiyohiyo katika mtumbwi wa Mto Kagera na katika basi la kwenda mnadani, na kukataa kupanda chombo kilichojaa. Mchungaji asiyeonya bandarini atasema nini makaburini?