Ua na Ua: Vichaka vya Maua vya Ewuaso Kedong

Ewuaso Kedong iko katika sakafu ya Bonde la Ufa, upande wa magharibi wa vilima vya Ngong, ambavyo kwa kimo chao cha takriban mita 2,460 huzuia sehemu kubwa ya mvua inayotoka Bahari Hindi. Udongo wake una majivu ya volkano mengi na haukai na maji, na usiku wa Juni hadi Agosti huwa na baridi ambayo jua la mchana halimwandai mtu kuitarajia. Kichaka kidumucho hapa ni kile kinachovumilia kiu na baridi kwa pamoja.

Mfano bora ni leleshwa, jina lililotokana na Kimaasai, ambayo mwanabotania Linnaeus aliiandika katika orodha yake ya mimea mwaka 1753 kwa jina la Tarchonanthus camphoratus, akizingatia harufu ya majani yake inayofanana na kafuri. Majani hayo ni ya kijani juu na meupe chini, yenye manyoya mafupi yanayopunguza upotevu wa maji. Maua ya kiume na ya kike hukaa katika vichaka tofauti, na mbegu za kichaka cha kike hujifunika pamba nyeupe, hata mtu aliye mbali akadhani kimechanua upya. Wamaasai walijipaka majani yake au kuyaweka kwapani kama manukato, nayo matawi yalifaa kujengea nyumba.

Hata hivyo, hakuna aliyeipanda, na sababu yake imo katika namna ya kuishi. Kiswahili hutumia neno moja, ua, kwa kile kinachochanua na kwa kile kinachozunguka makazi, ingawa wingi hutofautiana: maua na nyua. Katika enkang', yaani boma la Kimaasai, ua wa maana ya pili ulikuwa matawi makavu ya miiba yaliyopangwa kwa mviringo kuwazuia simba na fisi, kila mwenye familia akiwa na lango lake. Boma lilipohama, ua huo uliachiwa mchwa. Bustani humtaka mtu akae mahali pamoja, na mfugaji alifuata malisho.

Nafasi ya kuhama ilipungua kwa hatua. Mikataba na Waingereza ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai katika sehemu kubwa za malisho yao ya Bonde la Ufa, kisha ya Laikipia. Baada ya uhuru wa Kenya, sheria ya 1968 ya wawakilishi wa vikundi ilileta ranchi za pamoja, ambapo kundi la wanachama lilimiliki ardhi kwa hati moja. Ranchi nyingi za Kajiado, kaunti ilimo Ewuaso Kedong, zilipogawanywa baadaye kuwa viwanja vya watu binafsi, mpaka ukawa jambo la kudumu, na ua wa matawi makavu ukaanza kuachia nafasi ua ulio hai.

Hapo ndipo ulipoingia mkaiyaba wa kusini mwa Afrika, wenye miiba mirefu na tunda la njano, na bogonvilia, iliyokusanywa Rio de Janeiro mwaka 1767 na Philibert Commerson katika safari ya Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo inalobeba. Rangi yake, kwa kweli, si ya petali bali ya majani maalumu yanayozunguka maua madogo meupe. Uchaguzi wa mimea hii unaeleweka, ila una kinaya: wakati wageni hao wakimwagiliwa maji langoni, leleshwa, ambayo kuni zake ni nzito na hutoa makaa yanayodumu, hukatwa kwa ajili ya makaa. Aikataye huiacha hai asipong'oa kisiki, kwa kuwa machipukizi hutoka chini kabisa, nayo huweza kurudi kama kichaka chenye mashina mengi kuliko kile cha awali.