Komamanga na Upungufu wa Damu

Ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, wametuuliza: mjamzito aliyepungukiwa na damu, je, inamtosha juisi ya komamanga, kwa kuwa ni tunda lililotajwa katika Qur'ani? Swali hili tunalisikia sana hata Unguja na Pemba, kwa hiyo jibu ni letu sote.

Komamanga limetajwa mara tatu: Surat al-An'aam aya ya 99 na ya 141, na Surat ar-Rahmaan aya ya 68. Zote zinakumbusha neema na uwezo wa Mwenyezi Mungu. Hakuna iliyolifanya dawa ya damu. Ama ile Hadithi inayosambazwa kila Ramadhani, kwamba kila komamanga lina punje ya Peponi, Ibn al-Jawzi ameitia katika Hadithi za kuzushwa, basi haifai kumnasibishia Mtume (s.a.w.).

Tuje kwenye lishe. Gramu 100 za punje zina kalori 83, nyuzinyuzi gramu 4, vitamini C miligramu 10 na potasiamu miligramu 236 hivi. Ni tunda zuri. Lakini madini ya chuma, ambayo damu inayahitaji, ni miligramu 0.3 tu, na mjamzito anahitaji takriban 27 kwa siku. Wekundu ule ni rangi ya tunda, basi. Na sukari yake inafika gramu 14. Mwenye kisukari ajihadhari, hasa na juisi iliyochujwa na kuongezwa sukari nyingine.

Watu wa Mara wana riziki iliyo karibu zaidi. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaoanikwa Musoma na Bunda wana madini ya chuma mengi kuliko komamanga, na wakiliwa wazima na miba yao hutoa kalsiamu. Maharage na mboga za majani nazo zimo, ila chuma ya mimea mwili huipokea kwa uzito. Mlo ufuatishwe pera, ambalo gramu 100 zake zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, nayo husaidia. Chai isubiri saa moja au mbili, kwani huzuia. Sisi wa visiwani tuna dagaa wa baharini, na mapera hayatupigi chenga.

Kula komamanga ni halali na ni kuzuri kwa anayelimudu. Kuliweka mahali pa vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, hapana: upungufu mkubwa wa damu huua wakati wa kujifungua, na kumtunza mke katika hali hiyo ni juu ya mume.

Wallahu A'lam.