Karoshi: Kifo Kilipopata Jina
Kijapani kina maneno mengi ya kazi inayomnyonya mtu. Ukiyapanga kihistoria, utaona si yote yanayomsaidia mfanyakazi.

Enzi ya Meiji, kisiwani Hokkaido, vibarua wa barabara na reli walifungiwa kwenye mabweni yaliyoitwa takobeya, yaani "chumba cha pweza". Maelezo mojawapo ni kwamba pweza akishaingia kwenye mtungi wa kumtegea, hatoki.

Baadaye kufuli hazikuhitajika. Ovataimu isiyolipwa iliitwa sabisu zangyo, "ovataimu ya huduma", kana kwamba umejitolea! Halafu kuna shachiku: kaisha (kampuni) imeunganishwa na kachiku (mifugo). Hapo mfanyakazi anajicheka mwenyewe, bosi hatajwi kabisa.

Karoshi ni tofauti. Linaandikwa kwa alama tatu: kuzidi, kazi, kifo. Kabla yake, mtu akianguka ghafla, familia iliambiwa ni moyo au kiharusi, basi. Mwaka 1982 madaktari walichapisha kitabu chenye jina hilo. Mwaka 1988 wanasheria wakafungua laini ya simu ya kusaidia familia, na wajane wakapiga. Mwaka 2014 bunge likapitisha sheria ya kuzuia vifo hivyo. Katikati hapo likazuka burakku kigyo, "kampuni nyeusi", neno linalomnyooshea kidole mwajiri waziwazi.

Neno halimfufui mtu, na karoshi bado ipo Japani. Ila mjane anayeweza kutaja kilichomuua mumewe ana pa kuanzia kudai fidia.