Jiwe Lililo Hai: Miwani ya Kuzamia na Mwamba wa Chumbe

Ukipita Mji Mkongwe wa Zanzibar, weka kiganja chako ukutani pale ambapo plasta imebanduka. Utahisi vitundu vidogo vidogo, na ukisogeza macho utaona vingine vimekaa kama nyota. Hapo unagusa mifupa ya wanyama. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyashikanisha ilitokana na matumbawe yaliyochomwa.

Habari hii ni ya kale sana. Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107 yaliyochongwa kwenye tumbawe. Mafundi wa pwani walijua kwamba kuna aina ya tumbawe ambayo ukiikata baharini ikiwa mbichi inachongeka kwa urahisi, na ikikauka inakuwa ngumu.

Sasa jiulize: watu waliojenga kwa tumbawe karne zote hizo, kwa nini mpaka miaka ya 1990 wengi wao, wakiwemo waliosoma, walilihesabu kuwa jiwe na mwamba tu? Jibu langu ni hili: wengi wetu tunalijua likiwa limekufa. Kulijua likiwa hai kunahitaji kipande cha kioo.

Ua, jiwe au mnyama?

Usidhani ni watu wa pwani yetu peke yao waliokosea. Ulaya ya miaka ya 1720, wanasayansi waliamini kwamba matumbawe ni mimea. Mwanzoni mwa karne hiyo mtaalamu mmoja, Marsigli, alikuwa ametangaza kwamba ameona hata maua yake. Kisha akatokea daktari kutoka Marseille, Jean-André Peyssonnel. Alichukua tumbawe, akaliweka kwenye chombo chenye maji ya bahari, akakaa akilitazama. Yale "maua" yalifunguka, na alipoyasumbua yakajikunja. Akasema: huyu ni mnyama.

Paris hawakumwelewa. Mwanasayansi mkubwa Réaumur, aliyeiwasilisha hoja hiyo mbele ya wenzake, hakushawishika, akaona heri asilitaje jina la mwenye hoja. Ilipita miaka karibu 15, na utafiti mpya wa viumbe wadogo wa majini, ndipo Réaumur akakubali kwamba yule daktari alikuwa sahihi.

Alichofanya Peyssonnel ni kitu cha kawaida kabisa: alilitazama tumbawe likiwa bado ndani ya maji.

Kioo kinafanya nini?

Fumbua macho chini ya maji bila miwani, kila kitu kinakuwa ukungu. Tatizo si chumvi. Jicho lako linategemea hewa. Mwanga ukitoka hewani kuingia kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, unapinda, na kupinda huko ndiko kunakofanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kuweka picha sawa. Majini, mwanga unaingia kwenye konea bila kupinda sana, kwa sababu maji na konea vinaupitisha mwanga kwa namna inayokaribiana. Picha haijipangi.

Miwani ya kuzamia inairudisha ile hewa mbele ya jicho. Basi, ndiyo siri yote. Gharama yake ni ndogo: vitu vinaonekana vikubwa zaidi kwa takriban theluthi moja, na karibu zaidi kuliko vilipo. Ndiyo maana samaki wa kiganja unaweza kumsimulia kuwa wa mkono mzima, na wala hukudhamiria kudanganya.

Na ule mrija wa kupumulia, kwa nini ni mfupi? Kwa sababu kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyokikandamiza kifua chako, wakati hewa ya mrijani imebaki na mgandamizo wa juu. Mita moja tu chini, kuvuta pumzi kwa mrija ni kazi kubwa. Mrija ni wa mtu anayeelea juu juu na kutazama chini.

Vifaa hivi vilishika kasi Ufaransa kusini miaka ya 1930. Louis de Corlieu alipata hataza ya mapezi ya kuvaa miguuni mwaka 1933. Mwandishi Mmarekani Guy Gilpatric alichukua miwani ya marubani, akaziba mianya, akaingia nayo baharini, na mwaka 1938 akatoa kitabu kuhusu mchezo huo. Jacques Cousteau naye alijaribu miwani mwaka 1936 karibu na Toulon, na maisha yake yakabadilika.

Lakini tuwe wakweli: Gilpatric alikuwa anawinda samaki kwa mkuki. Miwani haimfundishi mtu huruma. Inamwonyesha tu kilichopo, na la kufanya anaamua mwenyewe.

Kisiwa kilichosahaulika

Sasa twende Chumbe, kisiwa kidogo chenye urefu wa kilomita moja hivi, kiasi cha kilomita 12 kusini mwa Mji Mkongwe. Waingereza walijenga mnara wa taa hapo mwaka 1904, na mpaka leo kuna nyumba ya mtunza taa na kimsikiti chake.

Mwamba ulio upande wake wa magharibi ulinusurika kwa bahati. Unapakana na njia ya meli za Dar es Salaam, na eneo lile lilikuwa chini ya jeshi, kwa hiyo uvuvi haukuruhusiwa. Kwingine pwani ya Tanzania, baruti na majuya yaliyokokotwa juu ya matumbawe yalikuwa yanavunja kwa dakika kilichojengwa kwa karne. Chumbe pakabaki kimya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani Sibylle Riedmiller alipendekeza kimya hicho kiwekwe kisheria, na gharama za ulinzi zilipwe na watalii. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba ule kuwa hifadhi. Wavuvi wa vijiji vya karibu wakafunzwa kuwa walinzi, na hawabebi silaha: kazi yao kubwa ni kuzungumza na wavuvi wenzao. Vibanda saba vya wageni vilijengwa, vinavyotumia maji ya mvua na umeme wa jua. Leo mwamba ule una zaidi ya aina 400 za samaki.

Usifikiri hakuna aliyelipa. Eneo la kuvua likifungwa, kuna nyumba ambayo samaki wake wamepungua. Ajira za ulinzi zinafidia baadhi ya watu tu. Kinachotetewa ni kwamba mwamba ulio salama unazalisha samaki wanaovuka mpaka, na hao ndio fungu la mvuvi.

Nani avae miwani?

Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi Chumbe ni mengine. Tangu miaka ya 1990 wanafunzi wa shule za Zanzibar, wasichana kwa wavulana, hupelekwa pale, huvalishwa miwani na maboya, wakaelea juu ya mwamba. Wengi wao wamezaliwa hatua chache kutoka ufukweni lakini hawajui kuogelea. Fedha za mgeni anayelala kisiwani ndizo zinazosaidia kumlipia mtoto huyo safari. Mtoto aliyeona tumbawe likitoa vidole vyake hataliita jiwe tena.

Na tunawahitaji watoto hao. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, takriban 16% ya miamba ya matumbawe duniani iliharibika. Tumbawe likizidiwa na joto hufukuza mwani mdogo unaolilisha, likapauka, na hali ikiendelea likafa. Sheria inaweza kumzuia mvuvi, haiwezi kuzuia joto. Hilo linahitaji wananchi wengi wanaojua kinachopotea.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kwenda ufukweni, iwe Chumbe, Mafia au Watamu, usiishie kupiga picha mchangani. Azima miwani, vaa boya kama hujui kuogelea, elea. Usikanyage mwamba, usichukue hata kipande. Tazama tu, kama alivyotazama Peyssonnel. Kisha ukirudi mjini, gusa tena ule ukuta.