Lugha na Lafudhi katika Kazi ya Michel Ocelot

Wahakiki wa Michel Ocelot, mwongozaji wa filamu za katuni kutoka Ufaransa, aghalabu huanza na picha zake: wingi wa rangi, majani yaliyochorwa moja moja, vivuli vyeusi vya karatasi. Anayezisikiliza filamu hizo kama mwanaisimu hukuta jambo jingine, nalo ni swali la nani anayepewa haki ya kusema, na kwa lafudhi ipi.

Ocelot alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya Ufaransa, na sehemu ya utoto wake aliipitisha Conakry, Guinea, kabla ya kurejea na wazazi wake Angers. Safari yake katika sanaa ilikuwa ndefu na yenye ukata. Filamu fupi ya wavumbuzi watatu, iliyotengenezwa kwa karatasi nyeupe zilizotobolewa kama lasi, ilimpatia tuzo ya Uingereza mwaka 1981. Mwaka 1983 akapata César huko kwao. Hata hivyo, tuzo hazikuleta fedha. Mfululizo wake wa televisheni wa mwaka 1989 aliutengeneza kwa vivuli vya karatasi, mbinu ambayo Lotte Reiniger wa Ujerumani aliiendeleza tangu miaka ya 1920, na ambayo gharama zake ni ndogo. Filamu yake ndefu ya kwanza, Kirikou et la Sorcière, ilitoka mwaka 1998, naye ana umri wa miaka 55.

Kiini cha filamu hiyo ni ngano ya Afrika Magharibi iliyokusanywa na François-Victor Équilbecq, ofisa wa utawala wa kikoloni. Mtoto ananena akiwa bado tumboni mwa mamaye, kisha anajizaa mwenyewe. Msikilizaji wa fasihi simulizi ya Kiafrika hatashangaa: Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga wa mashariki mwa Kongo, naye huzaliwa akitembea na kusema. Ocelot aliutwaa mwanzo wa ngano, na sehemu kubwa iliyobaki akaibuni. Mchawi Karaba akapewa sababu ya uovu wake, yaani mwiba wenye sumu uliokita mgongoni.

Michoro ilihuishwa Ulaya, kwa sehemu huko Latvia na Hungaria, lakini sauti zilirekodiwa Dakar. Karaba aliigizwa na Awa Sène Sarr wa Senegal, na watoto wa kijijini wakapewa sauti za watoto wa huko huko. Toleo la Kiingereza nalo liliigizwa na Waafrika Kusini. Huu haukuwa urembo. Katika filamu nyingi za Ulaya, lafudhi ya Mwafrika ilikuwa chombo cha kuchekeshea. Humu ni lafudhi ya mama anayeonya, ya babu mwenye hekima, ya adui mwenye kutisha. Ni kweli kwamba kijiji kizima kinazungumza Kifaransa, lugha ya mtawala, na upungufu huo hauwezi kufichwa. Lakini ni Kifaransa kilichokwisha kutwaliwa na wenyeji, nao wanakisema bila kuomba radhi.

Ocelot alikuwa na ugomvi mwingine pia. Baadhi ya watangazaji na wasambazaji walitaka vifua vya wanawake wa kijijini vifunikwe. Alikataa, na kwa sababu hiyo baadhi ya milango ilifungwa. Nchini Ufaransa filamu ilipata watazamaji zaidi ya milioni moja, na mwaka 1999 ikashinda tuzo kuu ya filamu ndefu katika tamasha la Annecy.

Jaribio lake la kijasiri zaidi kuhusu lugha ni Azur et Asmar ya mwaka 2006. Mvulana wa Kifaransa mwenye macho ya samawati, aliyelelewa na yaya Mwarabu, anavuka bahari na kufika nchi ambako macho yake huhesabiwa kuwa nuksi. Anajifanya kipofu ili aishi. Mazungumzo ya Kiarabu hayakutafsiriwa, wala hakuna maandishi chini ya picha. Mtazamaji asiyejua Kiarabu anaachwa gizani pamoja na mgeni huyo. Anayekijua, awe mtoto wa mhamiaji katika vitongoji vya Paris, kwa mara moja ndiye anayemweleza jirani yake kinachosemwa.