Sumakuumeme: neno moja, mizigo miwili

Sumakuumeme limeungwa kwa maneno mawili yanayojulikana na kila mtu. Sumaku huvuta sindano na misumari. Umeme, kabla ya kuja nyaya na swichi, ulikuwa mmweko wa mawinguni wakati wa mvua. Waliolishona neno hili hawakutia kiungo wala kumeza irabu: u zote mbili huandikwa na kutamkwa, kama a mbili za mwanaanga. Mshikamano huo una sababu yake katika fizikia.

Mwaka 1820, huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted alipitisha mkondo wa umeme katika waya uliokuwa karibu na dira, sindano ya dira ikageuka. Mkondo ulipoelekezwa kinyume, sindano nayo ikageukia upande wa pili. Waya wa kawaida ulikuwa umefanya kazi ya sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday, akiwa London, alipata upande wa pili wa jambo hilo: sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, mkondo hupita katika waya huo; ikitulia, mkondo hukoma. Mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, mtoni Rufiji, hutegemea kanuni hiyo kufikia uwezo wake wa megawati 2,115. Maji huzungusha turbini, turbini huzungusha sumaku, na nyaya zilizoizunguka hutoa umeme.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Kiswahili hutanguliza kitu, kisha huleta sifa yake. Bata maji ni bata. Isimujamii ni isimu. Kwa desturi hiyo sumakuumeme ni sumaku ya aina fulani: chuma kilichozungushiwa waya, kinachovuta mkondo ukipita na kuachia ukikatwa. Kifaa hicho William Sturgeon alikitengeneza Uingereza katika miaka ya 1820, na leo kimo ndani ya kengele za umeme na kwenye winchi zinazobeba vyuma chakavu. Kwa kifaa, maana imekaa sawasawa.

Tatizo ni kwamba neno hilohilo hutumika pia kutaja nguvu yenyewe na mawimbi yake, na huko hakuna kinachotangulia wala kinachofuata. Hapo muundo wake ni ule wa neno "kusini-mashariki", ambamo pande mbili zina uzito mmoja. Msomaji asiyeelezwa tofauti hiyo akikutana na "mawimbi ya sumakuumeme" atadhani ni mawimbi yanayotoka kwenye kile chuma chenye waya. Mwanafunzi wa shule ya serikali Tanzania yumo katika hatari hiyo hasa: hukutana na neno hili shule ya msingi likiwa jina la kifaa, kisha lugha ya kufundishia sayansi hubadilika sekondari, kabla hajaambiwa kwamba mwanga nao ni sumakuumeme.

Maana mwanga ni sumakuumeme kweli. James Clerk Maxwell alionyesha hivyo kwa hesabu katika andiko lake la mwaka 1865. Uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme inafika, ukibadilika huzaa uga wa sumaku. Uga wa sumaku ukibadilika huzaa wa umeme, na nyuga hizo mbili husafiri pamoja. Alipokokotoa kasi ya safari hiyo alipata ile ile ya mwanga, kilomita zipatazo 300,000 kwa sekunde. Heinrich Hertz, Mjerumani, aliyapata mawimbi hayo maabarani kati ya 1887 na 1888. Hayakuonekana kwa macho, lakini aliyaelekeza kwenye mabamba ya zinki yaliyokunjwa mfano wa kioo mbonyeo, nayo yakaakisiwa kama mwanga unavyoakisiwa.

Jaribio la Hertz linafafanua hata kioo cha ukutani. Kiswahili huita kioo kile cha dirishani na kile cha kujitazamia, lakini katika kujitazama, kazi kubwa hufanywa na utando mwembamba wa fedha au alumini ulio nyuma. Uga wa umeme wa mwanga hutikisa elektroni huru za metali hiyo, nazo zikitikisika hurudisha mwanga. Sheria tunayokariri darasani, kwamba pembe tuo ni sawa na pembe akisi, inatokana na mtikisiko huo.

Kwa hiyo ninawaomba waandishi wa vitabu na walimu: kifaa kiiteni sumaku ya umeme, kwa kiungo kinachosikika. Nguvu iitwe usumakuumeme. Na mawimbi ya sumakuumeme liwe jina la familia nzima, kuanzia ya redio, kupitia mwanga tunaouona, hadi eksirei na miali ya gama.